Kupiga picha za michezo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu lenzi, mipangilio ya kamera na programu za kuhariri

Maswali haya ni ya mpigapicha wa ridhaa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, anayesimama pembeni mwa uwanja siku za mechi na kurudi na mamia ya picha ambazo nyingi hazijakaa sawa. Popote tunaposema "hatua moja" ya mwanga, maana yake ni mwanga mara mbili zaidi au nusu yake.

Kwa nini wachezaji wangu hutoka na ukungu ilhali picha nyingine zinatoka safi?

Kabla ya kuilaumu lenzi, ikuze picha hadi asilimia 100 kwenye skrini utazame ukungu uko wapi. Kama mchezaji ni laini lakini nyasi za mbele yake au bango la nyuma ni kali, fokasi (mahali lenzi inapolenga ukali) ilimkosa. Kama uso na jezi viko sawa ila mikono, miguu na mpira vimeacha mkia, shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga kufika kwenye sensa) ilikuwa ya polepole. Kama kila kitu, hata nguzo za goli, kimeburuzika kuelekea upande mmoja, ulitikisa kamera. Haya ni magonjwa matatu yenye dawa tatu, na anayeyachanganya huishia kununua lenzi mpya kutibu kosa la mipangilio.

Shata ndiyo mkosaji wa mara nyingi. Mkimbiaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 3.2 shata ya 1/250 ya sekunde ikiwa wazi. Kwa 1/1000 husogea milimita 8 tu. Tena huo ni mwili wake: mguu unaopiga mpira huenda kasi zaidi ya mwili, na mpira kasi zaidi ya mguu.

Nianze na kasi gani ya shata?

1/1000 iwe kiwango chako cha chini kwa soka, raga, mpira wa kikapu, ndondi, kuogelea na mbio. Mwanga ukiruhusu panda hadi 1/1600 au 1/2000, hasa kwa tenisi, magongo na mchezo wowote wenye raketi au gongo linalozungushwa. Ukumbi ukiwa na giza la kukulazimisha ushuke hadi 1/500, usipige ovyo, vizia kilele cha tendo. Mrukaji akifika juu kabisa, kabla hajaanza kushuka, mwili wake karibu unasimama hewani kwa kitambo kidogo, na 1/500 inatosha kumkamata.

Magari, pikipiki na baiskeli ni kinyume chake. 1/2000 hugandisha magurudumu, na chombo kinachokwenda kasi kikaonekana kama kimeegeshwa. Shuka hadi 1/250 au chini zaidi, kisha ufuatishe kamera (tazama swali la kufuatisha hapa chini).

Gurudumu la kamera niliweke kwenye hali ipi?

Kwa mwanga unaobadilikabadilika, weka M (hali ya kupanga mwenyewe) pamoja na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya otomatiki. Uwazi wa lenzi uwe kwenye namba ndogo kabisa ya f (namba ndogo ni tundu kubwa), shata 1/1000, na ukomo wa juu wa ISO uwe 12800. Wingu likipita, au mchezaji akitoka juani kuingia kwenye kivuli cha jukwaa, kamera itagusa ISO peke yake na kasi uliyochagua itabaki palepale.

Kinachobaki mikononi mwako ni kitufe cha fidia ya mwangaza. Kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo jezi nyeupe zikijaa fremu kitapunguza mwanga, na sura za wachezaji, hasa wenye ngozi nyeusi, zitazama gizani. Ongeza +0.7 hadi +1. Jezi nyeusi zikijaa fremu, punguza kiasi hichohicho. Uso ndio unaotafutwa na mtazamaji, basi upime mwanga kwa ajili ya uso.

Chini ya taa za usiku zisizobadilika, achana na ISO ya otomatiki. Weusi wa nyuma ya wachezaji huidanganya kamera kila ukigeuka. Piga picha mbili tatu za majaribio wakati wachezaji wanapasha misuli, angalia grafu ya mwanga, chagua ISO moja na uishike. Ila zunguka kwanza na kamera, kwa kuwa taa nyingi huacha kona za uwanja zikiwa na giza la hatua moja kuliko katikati.

ISO 6400 haitaijaza picha chembechembe?

Itaijaza, na tunashauri uzikubali. Programu za leo zinaondoa chembechembe vizuri, lakini ukungu wa mwendo hakuna programu inayouponya kwa uaminifu, maana taarifa yenyewe haikuandikwa kwenye faili. Ukilazimika kuchagua kati ya ISO kubwa na shata ya polepole, chagua ISO kila mara.

Kosa linalofuata kwa ubaya ni kupiga kwa ISO 1600 kwa hofu ya chembechembe, picha ikatoka giza, kisha kuinyanyua hatua mbili kwenye kompyuta. Chembechembe zitakuwa zilezile au zaidi ya zile za ISO 6400, na mara nyingi vivuli huchukua rangi isiyokuwapo uwanjani.

Ninunue lenzi gani kwanza?

Inategemea umbali kati yako na tendo, na kama unapiga zaidi mchana au chini ya taa.

Lenzi iliyobeba picha nyingi zaidi za michezo ni zumu ya mm 70-200 yenye f/2.8 toka mwanzo hadi mwisho wa zumu. Tofauti ya f/2.8 na f/5.6 ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne: mwenye f/2.8 akipiga kwa ISO 3200, mwenye f/5.6 anahitaji ISO 12800 kwa shata ileile. Faida ya pili ni mandhari ya nyuma. Kwa mm 200 na f/2.8, mchezaji akiwa mita 10 kwenye kamera ya sensa ya mm 36 kwa 24, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 40 hivi kwa kina. Mabango, magari na watu wa nyuma hulainika, na mchezaji hubaki peke yake. Lakini hizo sentimita 40 pia ndizo zinazofanya fokasi ikose kwa urahisi.

Ukipiga zaidi michezo ya ukumbini, usidharau mm 85 ya f/1.8. Ni nyepesi, ni nafuu kwa kulinganisha, na inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya zumu ya f/2.8. Haizumu, kwa hiyo utakosa matukio ya mbali. Hayo yaache yapite, usubiri yanayokujia.

Kwa soka kwenye uwanja kamili, mm 200 hufika vizuri kwenye robo iliyo karibu nawe, na mchezaji wa upande wa pili hubaki mdogo. Hapo ndipo sensa ndogo inaposaidia: kwenye APS-C lenzi ya mm 200 huona kama mm 300 (kwa Canon, 320), na kwenye Micro Four Thirds kama mm 400. Zumu ndefu za mm 150-600 zenye f/5-6.3 zinapendeza sana juani kwa mbio za baiskeli, mawimbi na magari. Jua likizama hazifai kwa mchezo wa kasi.

Lenzi iliyotumika ni chaguo zuri, ila ikague kwa mkono. Mulika tochi kupitia vioo kutokea nyuma utafute nyuzi kama za utando wa buibui, ambazo ni fangasi. Angalia vibati vya uwazi visiwe na mafuta, zungusha pete za zumu na fokasi usikie kama zinakwaruza. Kisha piga picha kadhaa kwenye uwazi mkubwa kabisa na ukague pembe zote nne: pembe moja ikiwa laini kuliko nyingine, huenda lenzi iliwahi kuanguka.

Nina zumu ndogo ya f/4-5.6 iliyouzwa pamoja na kamera tu. Naweza kuanza?

Anza leo, mchana. Kanuni ya zamani inasema juani, kwa f/16, shata sahihi ni moja chini ya ISO: ISO 400 ni 1/400. Ukifungua hadi f/5.6 umeongeza hatua tatu, unapata 1/3200. Hata wingu zito likikata hatua tatu hizo, ukipandisha ISO hadi 1600 unapata 1/1600. Kwa hiyo hadi alasiri huna kisingizio cha lenzi. Chini ya taa za usiku, f/5.6 inakwama kweli.

Kiongezi cha umbali cha 1.4× au 2× kinafaa?

Cha 1.4× hula hatua moja, cha 2× hula mbili. Lenzi ya mm 300 f/4 yenye 1.4× inakuwa mm 420 f/5.6, nayo ni mchanganyiko mzuri wa mchana. Cha 2× juu ya zumu hupunguza ukali na kuchelewesha fokasi kiasi cha kukatisha tamaa. Mara nyingi kukata picha kwenye kompyuta hutoa matokeo yaleyale. Hakikisha kwanza kiongezi kinaingia kwenye lenzi yako, kwa sababu lenzi nyingi zina kioo cha nyuma kilicho karibu sana nacho kitagonga.

Kitulizaji cha mtikisiko kiwe kimewashwa?

Kitulizaji hutuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji. Kwenye 1/1000 na kuendelea mchango wake ni mdogo, na unaweza kukizima. Kinafaa unapofuatisha kamera kwa shata ya polepole: tumia hali yake ya pili, ile inayoacha mwendo wa mlalo na kutuliza wa wima tu.

Lenzi nzito, kama mm 400 f/2.8 inayokaribia kilo 3, ipe monopodi (nguzo ya mguu mmoja). Ifunge kwenye kola ya lenzi, usiifunge chini ya kamera, maana uzito wote utaning'inia kwenye kiunganishi cha kamera na lenzi.

Fokasi inarukia mwamuzi au jukwaa la nyuma. Nifanyeje?

Hapa ndipo kamera ghali na kamera ya kawaida hupishana, lakini mipangilio sahihi hupunguza pengo hilo sana.

Kwanza, weka fokasi endelevu: AF-C kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, Servo kwenye Canon. Ukiwa kwenye fokasi ya mara moja, mchezaji anayekukimbilia atakuwa ameshatoka kwenye ukali kabla shata haijafunguka.

Pili, chagua nukta moja inayosaidiwa na nukta za jirani, au eneo dogo. Eneo la fremu nzima huchagua kilicho karibu zaidi au chenye mistari mikali, yaani mguu wa beki au maandishi ya bango. Utambuzi wa macho ni msaada mkubwa kwa mkimbiaji aliye peke yake, ila kwenye msongamano mbele ya goli hurukaruka kutoka uso hadi uso. Changanya vyote viwili kamera ikiruhusu: utambuzi ufanye kazi ndani ya eneo dogo pekee.

Tatu, punguza wepesi wa fokasi kuhama. Kamera nyingi zina mpangilio wa kuamua ingoje kiasi gani kitu kikikatiza mbele. Isogeze upande wa kung'ang'ania, na mwamuzi anayepita hatakuibia mchezaji.

Nne, hamisha fokasi kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON, na ukiondoe kitendo hicho kwenye kitufe cha shata. Ukikishika, kamera inafuata. Ukikiachia, fokasi inabaki pale ilipo. Kwa kuruka viunzi hili ni dhahabu: fokasi juu ya kiunzi, achia kidole, ngoja mkimbiaji afike.

Anza kumfuata mchezaji nusu sekunde au zaidi kabla ya kupiga, ili kamera ipate muda wa kukadiria mwendo wake. Lenga kifua au namba ya jezi. Jezi isiyo na maandishi wala mikunjo huipa fokasi kazi ngumu. Lenzi ikiwa na swichi ya ukomo wa umbali, iweke isitafute vitu vya karibu, kwani nyingi hupoteza sekunde nzima zikirudi hadi karibu kabisa na kwenda tena mbali.

Uzio wa waya mbele yako? Gusisha lenzi karibu na waya, fungua uwazi wote, chagua tundu lililo mbele ya kioo. Waya hupotea.

Nisimame wapi?

Swali hili lina uzito kuliko la lenzi. Kwa soka, kaa nyuma ya mstari wa goli, kati ya kibendera cha kona na eneo la penalti, upande unaoshambuliwa. Wachezaji watakuja wakikutazama. Ukisimama katikati ya mstari wa pembeni utajaza kadi kwa migongo na visogo. Piga goti au kalia kigoda: kamera ikiwa usawa wa kiuno, anayeruka huonekana ameruka kweli, na nyuma yake kunabaki jukwaa au miti badala ya nyasi tupu.

Kisha tazama kilicho nyuma kabla mechi haijaanza. Gari jeupe lililoegeshwa litaonekana kwenye kila picha ya kipindi cha kwanza. Sogea mita tano tu, litatoka.

Mpira wa kikapu hupigwa kutoka nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni mwa kikapu, kamera ikiwa wima kwa sababu tendo linapanda juu. Weka miguu yako pembeni, usiinyooshe mbele. Wachezaji huanguka hapo. Kuruka chini hupigwa kutoka mwisho wa shimo la mchanga, chini kabisa, umtazame mrukaji. Kuogelea hutegemea mtindo: kwenye kifua na kipepeo uso hujitokeza mbele, piga kutoka mwisho wa mkondo, kwenye mtindo huru na wa mgongo piga kutoka ubavuni. Mpira wa wavu hupendeza kutoka juu kidogo jukwaani, upande wa pili wa wavu, upate mikono ya mpigaji na ya wazuiaji pamoja.

Na goli likifungwa usishushe kamera. Mfungaji, kipa aliyelala chini, benchi la akiba likiruka: sekunde kumi zinazofuata mara nyingi zina picha bora kuliko shuti lenyewe.

Kwa nini rangi na mwanga hubadilika kati ya fremu na fremu ukumbini?

Taa nyingi zinazotumia umeme wa 50 Hz huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Wa 60 Hz, mara 120. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 hukata kipande chembamba cha mzunguko huo. Fremu moja inadondokea kwenye kilele, inayofuata kwenye bonde, na mara nyingine nusu ya picha ni njano na nusu ni ya kawaida.

Washa kipengele cha kuzuia mtetemo wa taa kama kamera inacho. Canon ilikiweka kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014, na leo kimeenea kwa watengenezaji wengi. Kamera husubiri kilele cha mwanga ndipo ifungue shata, hivyo kasi ya mfululizo hupungua kidogo. Usipokuwa nacho, piga mfululizo mfupi na uchague fremu zilizokaa vizuri, kisha tumia shata ya mitambo. Mizani nyeupe (mpangilio wa kusawazisha rangi ya taa) iweke kwa mkono, kwa namba ya Kelvini au kwa kupiga karatasi nyeupe chini ya taa zilezile. Mizani ya otomatiki itakupa rangi tofauti kila fremu na kazi ya saa nzima kwenye kompyuta.

Shata ya kielektroniki ina shida gani?

Kwenye sensa nyingi picha husomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kitu kikienda kasi kuliko usomaji huo, gongo hupinda kama upinde na mpira huwa kama yai. Sensa zinazosoma haraka, kama ya Nikon Z9 iliyotoka mwaka 2021 bila shata ya mitambo kabisa, zimepunguza tatizo hili hadi kutoonekana kwa michezo mingi. Sony a9 III ya mwaka 2023 husoma sensa yote kwa wakati mmoja. Kwa kamera ya kawaida, tumia ya kielektroniki pale ukimya unapohitajika tu: kabla ya mlio wa kuanza mbio, mpigaji wa gofu akijiandaa, au tenisi wakati wa kuanzisha mpira.

Naweza kutumia flashi?

Hapana, isipokuwa waandaaji wamekubali waziwazi. Inaweza kumpofusha mwanamichezo kwa muda, na ile ya juu ya kamera haifiki mbali hata hivyo.

RAW au JPEG?

RAW (faili ghafi la sensa) ya biti 14 huandika ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, 256. Ukikosea mwanga kwa hatua mbili au mizani nyeupe ikachanganyikiwa, RAW inarudi, JPEG hairudi. Ila picha ikihitajika kabla ya mapumziko, na taa hazibadiliki, JPEG iliyopangwa vizuri inatosha kabisa.

Shida ya RAW ni bafa (kumbukumbu ya muda ndani ya kamera). Faili la MB 30 kwa fremu 10 kwa sekunde ni MB 300 kila sekunde. Kadi yenye alama V30 imedhaminiwa kuandika MB 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Bafa ikijaa kamera inakwama, na kwa kawaida inakwama mpira ukiingia wavuni. Chagua RAW iliyobanwa, piga mafungu mafupi ya fremu tatu hadi tano, na ufomati kadi ndani ya kamera kabla ya kila mechi.

Nitumie programu gani?

Lightroom Classic ndiyo inayofundishwa zaidi, hulipiwa kwa usajili, na hupanga na kuhariri mahali pamoja. Capture One inasifika kwa rangi. Asiyetaka kulipa ana darktable na RawTherapee kwa kuhariri RAW, na digiKam kwa kupanga. Darktable ni ngumu wiki za mwanzo, ila uwezo wake ni mkubwa. Photo Mechanic haihariri, kazi yake ni kuchambua na kuandika maelezo. Huonyesha ile JPEG ndogo iliyomo ndani ya faili la RAW, ndiyo maana picha hupita papo hapo bila kusubiri. Chagua moja ujifunze hadi vidole vijue njia. Kurukaruka kati ya programu hakuongezi ubora.

Kosa la kawaida kwenye Lightroom Classic: mtu anahamisha folda kwa kutumia kompyuta yenyewe, kisha picha zote zinaonyesha alama ya mshangao. Katalogi haihifadhi picha, huhifadhi anwani zake na mabadiliko uliyofanya. Hamisha folda ukiwa ndani ya programu, au bofya alama hiyo uionyeshe faili lilipo.

Nina picha 1,000 za mechi moja. Nichambueje?

Pita mara ya kwanza haraka ukiweka alama kwenye zinazokuvutia pekee, badala ya kufuta mbaya moja moja. Kwenye Lightroom bonyeza P kwa inayobaki na X kwa inayotupwa. Kwenye darktable, namba 1 hadi 5 ni nyota na R ni kukataa. Swali liwe moja: uso unaonekana, mpira au tendo limo, na jicho ni kali? Mara ya pili kuza hadi asilimia 100 uangalie ukali wa zilizobaki. Mara ya tatu chagua moja kwa kila mfululizo. Ukibaki na 30 hadi 40 umefanya kazi nzuri. Wanaoanza huonyesha fremu sita za shuti moja, na mtazamaji huchoka kabla ya kufika kwenye goli.

Hatua za kuhariri zifuate mpangilio gani?

Ondoa chembechembe mapema kama unatumia chombo cha akili bandia, halafu nyoosha upeo wa macho, kata, rekebisha mizani nyeupe, mwangaza, vivuli, na mwisho ukali. Upeo uliopinda ndio unaoonyesha haraka kwamba picha haikuhaririwa. Nguzo ya goli au ukingo wa jukwaa ukae wima.

Unapokata, usipitishe ukingo kwenye kiwiko, goti au kifundo cha mguu. Kata katikati ya paja au uache mguu wote. Acha nafasi mbele ya anakoelekea mchezaji. Hesabu pia pikseli: kamera ya megapikseli 24 hutoa 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na 3000 kwa 2000, megapikseli 6, zinazotosha kuchapisha sentimita 25 kwa 17 hivi kwa nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo ibaki ya skrini.

Ukimaliza picha moja, nakili mipangilio yake kwenye zote zilizopigwa chini ya mwanga uleule. Kata na nyoosha moja moja.

Nimeondoa chembechembe, sasa sura zinafanana na plastiki.

Umezidisha. Vyombo vya akili bandia, kama kile cha Lightroom kilichokuja mwaka 2023, huanza na kiwango cha 50 hivi. Jaribu 25 hadi 35 na uache punje kidogo. Nywele na kitambaa cha jezi vinahitaji mkwaruzo ili vionekane vya kweli. Kwenye ukali, shikilia Alt (Option kwenye Mac) huku ukivuta kitelezi cha kufunika. Sehemu nyeupe ndizo zitakazonolewa. Vuta hadi anga na jukwaa la nyuma viwe vyeusi, zibaki kingo za mchezaji tu.

Naruhusiwa kufuta mtu wa nyuma au kusogeza mpira?

Picha ikienda kwenye habari au kumbukumbu ya klabu, hapana. Kukata, kunyoosha, kurekebisha mwanga na rangi kunakubalika. Kuongeza au kuondoa kitu ni kubadilisha kilichotokea. Bango la matangazo au picha ya ukutani ni jambo jingine, mradi iseme wazi kuwa imetengenezwa.

Kufuatisha kamera kunafanywaje?

Weka shata 1/125, simama miguu ikiwa imepanuka na uso ukitazama mahali utakapopiga, kisha zungusha kiuno kurudi kule chombo kinakotokea. Kifuate, piga kikiwa mbele yako, na uendelee kuzunguka baada ya shata kufunga. Wengi husimama mara tu wanapobonyeza, na hapo ndipo picha huharibika. Ukizoea shuka 1/60, halafu 1/30. Tarajia kutupa picha nyingi sana. Juani, kwa shata hizo, uwazi utafunga hadi f/16 au f/22 na vumbi la kwenye sensa litaonekana kama madoa angani; kichujio cha kupunguza mwanga kinaliondoa tatizo hilo.

Nitoe faili la ukubwa gani?

Kwa mitandao: JPEG, pikseli 2048 upande mrefu, ubora 80 hivi, rangi za sRGB. Ukisahau sRGB, rangi za jezi zinaweza kupauka kwenye simu za watu. Kwa kuchapa sentimita 30 kwa 20: pikseli 3543 kwa 2362. Andika maelezo ndani ya faili lenyewe: nani, anafanya nini, mechi ipi, wapi, tarehe. Piga picha ya orodha ya wachezaji na namba zao kabla ya mchezo, ukiwa na kamera hiyohiyo.

Wachezaji ni watoto. Kuna la ziada?

Pata ruhusa ya wazazi au walezi kupitia klabu au shule kabla ya kupiga, na nyingine ya kuchapisha. Usiweke jina kamili pamoja na shule na picha. Mzazi akiomba picha iondolewe, iondoe siku hiyohiyo.

Lenzi naitunzaje baada ya mechi ya mvua?

Futa maji ya nje kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoa lenzi kwenye kamera. Usikifunge kifaa kikiwa na unyevu ndani ya mfuko. Kiache wazi kwenye chumba chenye hewa hadi kikauke, ndipo ukiweke kwenye sanduku lenye vifuko vya silika. Fangasi hupenda giza, unyevu na vioo visivyoguswa, kwa hiyo lenzi inayotumika kila wiki iko salama kuliko inayolala kabatini. Vumbi la kioo lipulize kwanza kwa pampu ya mpira, halafu brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Anayeanza na kitambaa husugua mchanga juu ya kioo. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa au zaidi, umande ujikusanye juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Toa kadi ya kumbukumbu kabla ya kuufunga, uendelee kuchambua picha wakati kifaa kinapata joto.